Kamba Nyeupe ya Kwenda Lukwangule

Wifi yangu Sikudhani aliniambia ukweli wote wiki kadhaa kabla ya safari, na mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu.

"Kaka haoni," alisema. "Ukimwachia usukani kwenye ule mlima, tutakuja kuwaokota korongoni kwa ungo."

Tulikuwa jikoni kwangu, Sofu, hapa Kibaha. Yeye alikuwa anakata vitunguu, mimi nakuna nazi. Nikamjibu, "Angekuwa na macho si angeoa Mzaramo mwenzake? Leo ndiyo umejua?"

Akafuta machozi kwa kiwiko. "Wifi, sikutanii."

Nikacheka zaidi. Watani wote huanza hivyo.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Mume wangu, Mwinshehe, ni Mzaramo wa Kisarawe. Makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu zetu waliotembea kutoka bara hadi pwani na mizigo kichwani. Kwa hiyo ndugu za mume wangu wanaruhusiwa kunitukana mbele ya wageni, nami naruhusiwa kuwatukana, na hakuna anayenuna. Siku ya harusi yetu waliniwekea mzigo wa kuni mlangoni, wakasema Mnyamwezi haingii ndani ya nyumba ya Wazaramo bila mzigo. Nikaubeba na shela yangu. Baba mkwe alipofariki, kaka yangu alishuka kaburini akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Akapewa. Na mtani akishika kitu chako mbele ya watu akasema "nimeteka", hata kiwe nini, huruhusiwi kukasirika. Unakikomboa kwa anachotaka, au unakiacha kiende.

Nimeishi ndani ya utani huo tangu nikiwa msichana. Wifi yangu akiniambia nyumba inaungua, kwanza nitamtukana, halafu ndiyo nitanusa kama kuna moshi.

Basi akaniambia kaka yake haoni, nami nikaendelea kukuna nazi.

Safari yenyewe ilikuwa ya Mwinshehe. Alikuwa dereva wa serikali mpaka alipostaafu. Alipeleka wakubwa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, mara nyingi. Wao wakifika mwisho wa barabara walishuka, wakapanda kwa miguu mpaka Lukwangule, kule juu kabisa ambako hakuna nyumba wala shamba, nyasi tupu na baridi. Yeye alibaki kulinda gari. Alilala kwenye kiti cha mbele na koti lake. Wakishuka walimsimulia jinsi walivyosimama huku mawingu yako chini ya miguu yao, kisha wakapanda gari, wakalala, yeye akawarudisha mjini.

Hadithi hiyo nimeisikia mpaka nimeichoka. Alipostaafu akasema neno moja tu: "Barabara ya Mgeta nitaiendesha mwenyewe mara moja zaidi. Halafu sitalinda gari. Nitapanda, nitalala juu kama mkubwa."

Nilimwelewa. Mwanamume hana mambo mengi, na hili ndilo alilolitaka. Ila mimi pori silipendi. Nina magoti yanayonung'unika na mgongo unaotaka godoro. Tukakubaliana: twende porini, lakini kwa raha. Hema kubwa la kusimama wima, vitanda, mpishi, maji ya moto, choo chenye mlango. Binti yetu Nuria akatafuta kwenye simu, akapata kampuni ndogo inayopeleka watu milimani, na mwenye kampuni akaja mwenyewe kutuona. Anaitwa Tito. Mtu mzima, mpole, kichwa kimeanza kupata mvi, na anaipenda milima kama watu wengine wanavyoupenda mpira.

Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, na kazi yangu ofisini ni hiyohiyo. Mtu akija kuniuzia kitu, namkalisha, namuuliza kitu gani hasa, cha ukubwa gani, kikiharibika nani anatengeneza. Nikamkalisha Tito sebuleni.

Ajabu ni kwamba siku hiyo maswali mengi hayakuwa yangu.

"Kutoka kwenye hema mpaka chooni," Mwinshehe akasema, "nataka kamba. Kamba nyeupe, imefungwa kwenye vigingi, pande zote mbili."

Tito akatabasamu. "Mzee, watu wanakwenda kule ili wasione kamba."

"Mimi nataka kamba."

"Sawa, mzee. Kamba."

"Na taa. Moja ndani, moja nje, haizimwi. Mlango wa hema uwe na utepe mweupe kuzunguka. Na yule atakayetuongoza njiani avae fulana ya njano, atembee mbele yangu. Asitembee pembeni. Mbele."

"Baba, si uende na kitanda chako kabisa?" Nuria alisema kutoka mezani.

"Kitanda changu kitabaki hapa kulinda nyumba."

Tito akanigeukia mimi, kama watu wanavyomgeukia mama mwenye nyumba wakiona mzee amezidi. "Mama, tunaenda kambi au tunaenda hoteli?"

"Mteja amesema kamba," nikamwambia. "Weka kamba."

Nilijisikia vizuri sana. Niliona mume wangu amekaa na mimi muda mrefu hata akajifunza kazi yangu. Miaka yote namwambia usiseme unataka kitu kizuri, sema unataka kitu gani. Sasa huyo hapo, anataja mpaka rangi ya fulana. Nilimpikia biriani siku ile.

Kanuni yangu moja ofisini haina msamaha: hakuna kupokea mali bila kuikagua. Nikamwambia Tito hatupandi Uluguru mpaka nione hema lake, kitanda chake na mpishi wake mahali ambapo nikichukia naweza kurudi nyumbani. Sikudhani ana nyumba na shamba la mikorosho Kisarawe, limepakana na msitu. Tito akakubali kupiga kambi pale, tulale, tutembee msituni, tule chakula chake, kisha tuseme ndiyo au hapana.

Tuliondoka Kibaha asubuhi, sisi wawili, Nuria akabaki na nyumba. Mwinshehe aliendesha. Nina leseni, yeye ndiye aliyenifundisha, lakini gari la Mwinshehe huendeshwa na Mwinshehe. Tukaiacha lami Kiluvya tukashika njia ya vumbi inayokatiza kwenda Kisarawe. Alikuwa na furaha. Mkono mmoja kwenye usukani, anaimba puani.

Kwenye kona moja palikuwa na mwendesha baiskeli amebeba magunia ya mkaa, anakwenda kama sisi, upande wa kushoto. Nilimwona kutoka mbali. Nikasubiri gari lisogee kulia. Halikusogea. Yule mtu aligeuka, akaona bampa, akajitupa mtaroni na mzigo wake wote. Nikasikia gunia likipasuka. Nikageuka nyuma, alikuwa amesimama katikati ya vumbi, mzima, mweusi kwa mkaa, ananyoosha ngumi.

"Nini?" Mwinshehe akauliza.

"Mwendesha baiskeli. Kaanguka mtaroni."

"Watu wa siku hizi hawana adabu barabarani," akasema.

"Kweli kabisa," nikasema mimi.

Nilisema hivyo. Kweli kabisa.

Kambi ya Tito ilinipendeza. Hema lilikuwa pana kama chumba, kitanda kina godoro nene na shuka safi, mpishi anapika ndizi nyama harufu inafika barabarani. Kamba nyeupe ilikuwepo, pande zote mbili, hadi chooni. Utepe mlangoni. Sikudhani alikuwa ameshafika kukagua kabla yangu, na alikuwa amesimama mbele ya hema mikono kiunoni.

"Wifi, ndugu zako Wanyamwezi wakiona hili watahamia," akasema.

"Wakihamia wewe utakuwa mpishi wao."

"Nitawatilia sumu."

"Chakula chako hakihitaji sumu."

Tukacheka, tukakumbatiana. Halafu akamtazama kaka yake akishuka garini, akipapasa mlango kwa vidole kabla ya kuufunga, na kicheko chake kikakatika. Nilikiona kikikatika. Nikadhani ni joto.

Mchana tukatembea msituni. Tito mbele na fulana ya njano, Mwinshehe nyuma yake, mimi nyuma ya Mwinshehe. Njia ilikuwa nyembamba na ina mizizi. Nilijaribu kutembea naye bega kwa bega pale ilipopanuka, tuongee, akaniambia, "Rudi nyuma, twende kijeshi." Alikuwa ameshika begi lililokuwa mgongoni kwa Tito. Nikamwambia, "Baba Nuria, mwachie mwenzio mzigo wake." Akajibu kwamba anataka kujua lina uzito gani. Nilianza kukerwa. Niliona amekuwa mtu wa maringo, hata msituni anataka kushikiliwa.

Jioni, jua likiwa bado lipo, alikaa kwenye kiti cha turubai nje ya hema akitazama mikorosho. Nikamchukulia chai kwa mpishi. Nikaja upande wake wa kushoto, nikasimama, nikamnyooshea kikombe.

Hakupokea.

Nikasubiri. Ni mtani wangu, nimeshamzoea. Anaweza kujifanya hakusikii mpaka upige magoti. Nikabaki nimenyoosha mkono, nami nikanyamaza, tuone nani atachoka.

"Mama Nuria!" akaita kwa sauti ya mtu anayemwita mtu aliye mbali. "Chai yangu iko wapi, Mnyamwezi wewe?"

Nilikuwa nasikia harufu ya sabuni yake. Ningeweza kumshika sikio.

Nikatabasamu, nikainua mkono wangu mwingine nikauchezesha karibu na uso wake, pembeni, vidole vitano. Hakupepesa jicho. Nikausogeza mbele kidogo, taratibu. Hakuna kitu. Nikausogeza tena. Tabasamu langu nilikuwa bado nalo usoni, nilisahau kulitoa. Ni mpaka mkono ulipofika karibu mbele kabisa ya pua yake ndipo aliporuka kitini kama aliyeguswa na nyoka.

"We! Umetokea wapi?"

Chai ikamwagika, sehemu kwenye suruali yake, sehemu kwenye mguu wangu. Ilikuwa ya moto. Sikuisikia mpaka baadaye nilipoona malengelenge.

"Nilikuwa hapa," nikasema.

"Hukuwa hapo."

"Nilikuwa hapa, Mwinshehe."

Nilikuwa sijamwita jina lake tangu Nuria azaliwe. Akageuza kichwa chote kunitazama, kichwa na mabega, kama mtu mwenye shingo mbovu, mpaka nikaingia mahali anapoona. Tulitazamana hapo. Nilichokuwa nafikiri ni mkaa. Niliuona ukimwagika mtaroni. Huyu mtu ameniendesha asubuhi. Ameniendesha jana, juzi, kila Jumapili, na mimi pembeni yake nakula karanga.

Nikaweka kikombe chini, nikaenda jikoni kwa Sikudhani.

Alikuwa anachambua mchicha. Hakuniuliza nina nini.

"Tangu lini?" nikasema.

"Nilikuambia."

"Ulinitania!"

"Nilikutaniaje, nami nilikuwa nalia?"

"Ulikuwa unakata vitunguu!"

Akaacha mchicha. Tukatazamana, na kwa sekunde moja tulikuwa karibu kucheka, Mungu atusamehe. Halafu nikakaa kwenye kinu.

"Wifi," akasema, "huku kila mtu anajua. Eid iliyopita alimpita mjomba Jumbe mlangoni bila kumwamkia. Mwinshehe! Ambaye anaamkia mpaka picha ukutani. Nikamuuliza, akaniapisha nisiseme. Nikakaa nayo, nikashindwa, nikaja kwako. Ukanicheka. Nikarudi mara ya pili, ukaniambia Wazaramo wote vipofu ndiyo maana tulipewa pwani, tufuate harufu ya samaki. Ningesemaje tena? Nilie kwa lugha gani?"

Nilipoondoka, magharibi ilikuwa inaingia, na taa ya nje ya hema ilikuwa inawaka tayari, ile isiyozimwa. Nikamkuta mume wangu ndani, amekaa kitandani, amebadilisha suruali.

"Ni presha ya macho," akasema kabla sijaketi. "Daktari aliniambia inakula kutoka pembeni, inakuja katikati. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinalindwa na dawa ya matone."

"Dawa iko wapi?"

"Kwenye gari. Chini ya kiti."

"Unaitia?"

"Nikikumbuka."

Nilitaka kupiga kelele. Mimi ambaye nikiona jirani anakunywa dawa nusu namfuata mpaka mlangoni.

"Baba Nuria, yule mwendesha baiskeli."

"Mama Nuria, naona mbele. Ninaona mbele vizuri kuliko wewe. Gari linakwenda mbele."

"Watu hawako mbele tu!"

"Ni safari moja," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Barabara ya Mgeta naijua. Kila kona. Naweza kuiendesha nimefumba macho."

Alisikia alichosema. Mimi pia. Hakuna aliyecheka.

"Nipe ufunguo," nikasema.

Ufunguo wa gari huwa anauvaa kiunoni, kwenye kishikizo cha mkanda, tangu siku zake za kazi. Akaufunika kwa kiganja. "Nilipostaafu walichukua gari lao, kitambulisho chao, sare zao. Nikabaki na hiki. Ukikichukua, nizike hapahapa kwenye mikorosho."

"Na ukiua mtu?"

"Sitaua mtu."

"Ukiniua mimi?"

Akageuza uso. "Kama unaogopa, baki. Nitakwenda na Tito."

Na angekwenda. Namjua. Ningepiga kelele angekwenda, ningemwita Nuria alie kwenye simu angekwenda, ningeita daktari angemsikiliza kwa adabu, amwamkie, aondoke na gari. Mwanamume mwenye aibu huwezi kumpokonya kitu akiwa peke yake na wewe, anakishika zaidi. Nililala kwenye kitanda kizuri cha Tito, godoro nene, shuka safi, macho makavu. Huu ndio utalii wa raha nilioupanga.

Asubuhi ndugu walikuja. Sikudhani alikuwa amewaalika waje kuona hema la wakubwa: shangazi zake wawili, majirani, na mjomba Jumbe, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Mpishi akagawa vitumbua na chai. Mjomba Jumbe alikaa kwenye kiti cha turubai, akakisifu.

"Shikamoo, mjomba," nikasema.

"Marahaba, mpagazi wetu. Umeshusha mizigo salama?"

"Salama, mjomba. Ila bado mmoja."

Watu wakacheka, wakaona mchezo umeanza. Mwinshehe alikuwa amesimama karibu na gari, anamsimulia jirani jinsi injini yake isivyochemka hata kwenye mlima. Nikaenda upande wake wa kushoto. Nilikuwa najua sasa. Nikatembea bila kujificha, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, nikafika mpaka kiunoni kwake, nikafungua kishikizo, nikatoa ufunguo. Hakuhisi wala hakuniona. Watu wote walikuwa wananiona mimi, na waliona kwamba yeye haoni. Vicheko vilianza, vikapungua, vikaisha kimoja kimoja.

Nikainua ufunguo juu.

"Nimeteka!"

Mwinshehe akajishika kiuno. Akazunguka, kichwa na mabega, akanitafuta, akanipata. Sijawahi kuona uso wa namna ile. Alifungua mdomo, na kila mtu pale alijua kwamba akinikasirikia amevunja kitu kikubwa kuliko gari.

"Mjomba," nikasema, "mimi ni mtani wenu. Nimeteka au sijateka?"

Mjomba Jumbe alikuwa amekishika kitumbua chake bila kukila. Alimtazama mpwa wake kwa muda. Nadhani alikuwa anakumbuka ile Eid, mlangoni.

"Umeteka," akasema.

"Na wa kukomboa ni nani?"

"Mwenyewe. Kwa utakachotaka."

"Sitaki kuku," nikasema. "Sitaki khanga. Nataka aende kwa daktari wa macho na mimi nikiwa nimekaa palepale nasikia. Nataka matone yale yaingie machoni asubuhi na jioni, mbele yangu. Na mlimani nataka aende. Nataka afike juu Lukwangule asimame na mawingu yake wakati bado anaweza kuyaona. Lakini abebwe kama wakubwa walivyobebwa. Gari moshi kutoka Soga mpaka Morogoro, kutoka pale gari la Tito, na dereva wa Tito. Akikataa, ufunguo huu nautupa chooni, njia ya kamba ile naijua."

Hakuna aliyecheka. Shangazi mmoja alikuwa analia waziwazi. Sikudhani hakulia, alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza, hata akasahau kunitukana.

Mkono wa Mwinshehe ulikuwa bado kiunoni, unapapasa pale pasipo na kitu. Nilitaka kumrudishia. Nasema kweli, nusura nimrudishie.

"Gari moshi," akasema mwishowe. "Mimi. Abiria."

"Abiria."

"Na kwenda nyumbani leo?"

"Nina leseni."

Akafumba macho. "Ukoo mzima umesikia," akasema. "Mnyamwezi ataniendesha mimi. Afadhali mngenizika."

"Mnyamwezi amezoea kubeba," nikasema. "Leo mzigo ni wewe. Ingia."

Ndipo mjomba Jumbe akacheka, kwa nguvu, akakohoa kitumbua, na wengine wakafuata, cheko la watu waliokuwa wameshikilia pumzi. Mwinshehe hakucheka. Lakini hakununa. Alipapasa mlango wa abiria, akaufungua, akaingia.

Niliendesha vibaya. Gia ya pili ilinikataa, na kila ilipolia yeye alifunga mkanda wake upya ingawa ulikuwa umefungwa. "Klachi," akasema. "Klachi, mama, klachi." Nikajua tumekaribia ile kona kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kutokwa jasho.

Mkaa ulikuwa bado upo. Mwenyewe alikuwa ameokota vipande vikubwa, chenga zimebaki mtaroni, weusi mrefu juu ya vumbi jekundu, na alama ya tairi letu imepita pembeni yake. Pembeni kabisa. Ningeweza kuipima kwa shubiri. Nikasimamisha gari. Sikuwa nimepanga, mguu wangu ndio uliosimamisha.

"Kuna nini?" akauliza.

"Mkaa."

"Wapi?"

"Kulia, upande wangu. Dirishani."

Akageuka, kichwa na mabega, akainama mbele yangu mpaka kwenye dirisha langu, akatoa uso nje. Akatafuta. Ilimchukua muda kuupata. Nilijua ameupata mgongo wake ulipokakamaa. Akautazama ule weusi, kisha akaifuata alama ya tairi kwa macho yake kidogo kidogo, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayesoma mstari mgumu.

"Alikuwa hapa?" akasema.

"Hapo."

"Karibu hivi?"

"Karibu hivyo."

Alirudi kitini. Akaikalia mikono yake. Nikasubiri aseme lolote ili niweke gia. Bodaboda ikatupita, ikapiga honi, akashtuka kwa sababu hakuiona ikija. Sasa nilikuwa naliona jambo hilo. Nilikuwa naliona kila mahali.

Tukafika lami, tukashika barabara ya Kibaha. Ni pale karibu na Sofu ndipo alipozungumza.

"Mpigie Tito. Ile kamba nyeupe asiitoe."

"Haitolewi. Ilikuwa kwenye makubaliano."

"Mwambie na njia nzima ya kupanda, pale penye ukingo, aweke." Akavuta pumzi. "Na umwambie ni kwa sababu sioni. Asidhani ni maringo."

Nilikuwa naendesha, kwa hiyo nikatazama mbele. Kisha nikatazama kushoto, kulia, na kwenye kioo, nikakata kona ya nyumbani.

"Klachi," akasema.